Bwana Mkubwa na Taa ya Nne

Usiku wa jana niliota kamati ya harusi imemwita Bwana Mkubwa aje ajieleze, na mimi nimetakiwa kumshika mkono nimpeleke ukumbini.

Bwana Mkubwa ni jenereta langu la dizeli. Jina nimempa mwenyewe. Mtaani kwetu, hapa Makete, umeme ukikatika watu hawaulizi utarudi saa ngapi, wanauliza kama Obadia yupo nyumbani. Obadia ni mimi. Sijisifu, nasema ilivyo.

Kabla sijaendelea na ndoto, lazima mjue nilichokisema Jumapili nikiwa macho. Binti yangu Lusungu anaolewa Jumamosi hii. Kwenye kikao cha kamati kila mtu alisimama akataja ahadi yake, huyu mbuzi, yule viti, yule masufuria. Zamu yangu ilipofika nilifunga kifungo cha koti, nikasema, "Umeme wote uko juu yangu. Bwana Mkubwa ana kilowati kumi." Walipiga makofi mpaka mbwa wa mlinzi akabweka. Mwenyekiti, shemeji yangu Agrey, akaanza kugawa palepale: muziki, taa za ukumbi, majokofu mawili, jiko la umeme la kupashia pilau. Akafika tisa na nusu, akasema hiyo nusu iliyobaki ni ya akiba.

Wakwe zetu wanatoka Iringa, na nilishawaambia kwamba bibi harusi ni injinia. Ukumbi ukizimika mbele ya watu hao, mimi itabidi nihame wilaya.

Basi, ndoto. Meza ya mbele amekaa Agrey, na kulia kwake katibu, ambaye ni birika la umeme lililovaa miwani. Sikushangaa. Hata katibu wetu wa kweli huchemka mapema.

"Jina?" anauliza birika.

"Bwana Mkubwa," anasema jenereta langu, kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea chini.

"Nguvu?"

"Kumi," nikajibu mimi, maana mtoto husemewa na baba yake.

"Hatukukuuliza wewe, shemeji," akasema Agrey. "Aitwe shahidi."

Shahidi alikuwa kile kibati cha ubavuni kwa Bwana Mkubwa, kile chenye maandishi. Kikajifungua skrubu zake nne, kikashuka, kikaenda kukaa kwenye kiti cha mbele na kukunja nne. Kilikuwa kinang'aa, kwa sababu mimi hukipiga kitambaa kila Jumamosi. Mashine yenyewe sijaifuta tangu Pasaka.

"Soma ulichoandikwa," Agrey akakiambia.

"Kumi," kikasema kibati. "Kisha herufi tatu."

"Herufi gani?"

"KVA. Si kilowati. Huyu mzee hajawahi kufika kwenye herufi. Akishaona kumi huwa anaondoka kwenda kuwaambia watu."

Nilitaka kukijibu lakini mlango wa chujio la hewa ulikuwa umefunguka, na vibarua kumi wanatoka ndani ya Bwana Mkubwa kwa mstari mmoja, kila mtu na ovaroli lake. Wanaanza kazi bila kusalimia. Wanane wamebeba magunia ya viazi, wanayapeleka upande wa pili wa ukumbi na kuyashusha. Wawili wanakwenda nao na kurudi nao, mikono mitupu.

Birika likavua miwani. "Nyie wawili, mbona hambebi?"

"Sisi tunasindikiza," akasema mmoja wao.

"Kwani lazima?"

"Tukiacha, hawa hawajui njia," akasema, na akaendelea kwenda na kurudi akitoka jasho kama wenzake.

"Andika wanane, kilowati nane," akasema Agrey.

Wanane bado ni watu wengi, nikajiambia. Jenereta la Mbilinyi, jirani yangu, halifikishi hata watatu, na bado anatembea barabarani akiwa ametanua mabega.

"Nina neno jingine," kikasema kibati. "Mimi sikupimwa huku. Nilipimwa chini, usawa wa bahari."

Alipokwisha kusema hivyo, yaani kilipokwisha, maana nilishaanza kukiheshimu, ukuta wa nyuma wa ukumbi ukaondoka na tukawa pwani. Joto. Hewa imejaa mpaka unaweza kuitafuna. Vibarua wanane wako mchangani na magunia yao, wanapumua kwa raha, na Bwana Mkubwa ananguruma kwa namna ambayo sijawahi kumsikia nyumbani. Nikaona wivu kidogo.

"Sasa turudini Makete," akasema Agrey. "Harusi haiko huku."

Njia ya kurudi ilikuwa ngazi. Kila baada ya mita mia tatu za kupanda kulikuwa na kituo, na kila kituo alikuwepo mama mmoja yuleyule, amevaa koti la mvua na mabuti, ana ndoo. Tulipofika kwake alikuwa anafungua kila gunia, anachota viazi, anamimina kwenye ndoo, anafunga.

"Asilimia tatu," anasema. "Piteni."

"Za nini?" nikamuuliza kituo cha kwanza.

"Hewa inapungua, baba. Hewa ikipungua, dizeli haiungui vizuri. Ikiwa haiungui vizuri, utabebea nini?"

Kituo cha pili akachota. Cha tatu akachota. Cha nne nikamwambia, "Mama, mimi nimezaliwa huku juu. Nina miaka sitini na moja na sijapunguzwa hata kidogo."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Nani amekupima?"

Nikapanda. Kituo cha saba kilikuwa mlangoni kwangu kabisa, pale penye ua wa michongoma. Mama akachota mara ya mwisho, akatingisha magunia yote, akasikiliza.

"Sita na kidogo," akasema. Akabeba ndoo yake akaingia kwenye ukungu.

Hapo ndipo niliposikia uchungu wenyewe. Nilikuwa nimeondoka nyumbani na kumi, watu wakinipigia makofi, na sasa nimesimama kwenye mlango wangu na sita na kidogo. Nikamwona Agrey akisimama ukumbini na kuanza kupunguza vitu kwenye orodha, na wakwe wa Iringa wakiulizana kwa macho. Nikasema haiwezekani, mama yule ni wa ndotoni, ndoo yake haina mhuri.

"Hata mimi simwamini," ikasema sauti kutoka kwenye banda la jenereta. "Hesabu ni hesabu, baba. Tupime."

Ni Lusungu. Amevaa gauni la harusi, limepandishwa na kufungwa kiunoni kwa kamba, miguuni gambuti. Mkononi ana ile mita yake yenye mdomo kama koleo, inayobana waya na kusema umeme kiasi gani unapita. Alinunua mwenyewe alipomaliza mafunzo ya ufundi. Mimi siku hiyo niliwaambia watu ni kifaa cha mainjinia.

"Mabirika," akaita.

Yakaingia mabirika matatu ya majirani, yamejaa maji, yamejipanga kwa adabu. Kila moja likajitambulisha: kilowati mbili, kilowati mbili, kilowati mbili. Lusungu akachomeka la kwanza. Bwana Mkubwa akakohoa mara moja, akatulia. Sindano iliyopo pale juu, inayoonyesha kama mashine inazunguka sawasawa, imesimama kwenye hamsini.

Anachomeka la pili. Bwana Mkubwa anashusha pumzi na kuweka miguu vizuri. Hamsini.

Anachomeka la tatu. Moshi unabadilika kidogo rangi. Sindano inashuka unywele mmoja na kusimama. Mabirika yote matatu yanaanza kuimba, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilengalenga, kwa sababu kilowati sita si jambo la mchezo na banda hilo nilijenga kwa mikono yangu.

"Taa," akasema Lusungu.

Alikuwa na taa nne za wati mia, zile za zamani za waya ndani. Ameziandika namba kwa chaki, moja mpaka nne. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu ikawaka, na sindano ikashuka tena kidogo, na Bwana Mkubwa akawa anafanya kazi huku ameuma meno.

Lusungu akabana waya kwa mita. "Volti mia mbili thelathini. Ampea ishirini na saba nukta nne. Zidisha, baba."

Nikazidisha kwenye mlango wa banda kwa msumari. "Elfu sita mia tatu na mbili."

"Sita nukta tatu," akasema.

Taa ya nne nilikuwa nimeishika mimi. Nikaisogeza kwenye soketi. Wati mia moja tu, nani ataona.

"Obadia," akasema Bwana Mkubwa. Kwa miaka tisa sikuwahi kumsikia akinitaja jina. "Ukiiweka hiyo nitaibeba dakika moja, kwa heshima yako. Dakika ya pili nitazima. Siku ya Jumamosi utakuwa umewekewa kiti karibu na wakwe."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Hukuwahi kuniuliza. Kila siku nakusikia ukimsifia mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Huyo wa kumi. Mimi sijawahi kuonana naye." Alinguruma kidogo, akiwa na mabirika matatu na taa tatu mgongoni. "Hizi sita nukta tatu nimezitoa mimi, kwa hewa ya huku huku, kwenye baridi hii. Hakuna mtu amewahi kuzitaja hata siku moja."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamgeukia Lusungu anisaidie. Macho yake yalikuwa kwenye mita.

"Hata mimi, baba," akasema.

"Hata wewe nini?"

"Huyo injinia. Sijawahi kuonana naye."

Aliyasema bila hasira, kama anavyotaja ampea. Mabirika yakaacha kuimba. Nikamtazama mtoto wangu, mafuta mpaka kwenye viwiko, ameshika waya ambao mimi nauogopa, na namba aliyoitoa haina hata nukta moja ya kuazima. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona, hata siku niliyomleta Bwana Mkubwa kwa lori na mtaa mzima ukatoka kutazama. Fahari ya siku ile ilikuwa ya kibati.

"Na hii niifanyeje?" nikauliza. Taa ya nne bado ilikuwa mkononi.

"Iweke mfukoni," akasema Bwana Mkubwa. "Inasikia baridi."

Nikaiweka mfukoni, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mama Lusungu ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga kilemba, ananitazama. "Baba Lusungu, leo umelala na sweta?"

Nilikuwa nimelala na sweta kweli. Nikatia mkono mfukoni nikatoa taa, ya wati mia, nzima. Ubavuni ina nne ya chaki, ile nne iliyo wazi juu, ambayo Lusungu anaiandika hivyo tangu darasa la kwanza na walimu wote wameshindwa kumfanya aifunge.

Nilichukua simu nikampigia Agrey.

"Shemeji, fungua daftari. Jiko la pilau litolewe, pilau ipashwe kwa kuni. Jokofu moja litolewe. Muziki upunguzwe spika mbili. Isizidi sita, hiyo nukta tatu ndiyo akiba."

"Heee, shemeji. Kumi imeenda wapi?"

"Kumi ilikuwa ya kibati. Bwana Mkubwa ana sita nukta tatu, kwa hewa ya Makete, na atazibeba mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Sema hivyo mbele ya watu. Tena sema kwa sauti."

Akacheka, kisha nikasikia kalamu ikikata. "Haya. Nani amepima? Wajumbe wataniuliza."

"Lusungu. Ni fundi umeme. Na wakwe wakiuliza bibi harusi anafanya kazi gani, waambie hivyohivyo, fundi umeme, na kwamba baba yake ndiye aliyekutuma."

Mama Lusungu aliacha kilemba nusu. Nilipokata simu nikamwona Lusungu amesimama mlangoni, kikombe cha uji mkono mmoja, kidole gumba cheupe kwa chaki. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Macho yake yalikuwa na maji. Akanyoosha ule mkono mwingine.

"Basi nipe namba nne, baba," akasema. "Mabirika ya watu nimeshayarudisha."