Kilomita ya Tisini na Moja

Wachimba kaburi walikuwa wamefika magotini Paskalina alipotoka kuhakikisha wanachimba pale alipowaonyesha: kule mwisho wa kiwanja, kando ya uzio wa minyaa, mbali na kaburi la mwanawe Maganga kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Walisimama kumpisha atazame. Aliitikia kwa kichwa, akarudi zake chini ya turubai walikoketi wanawake.

Herman, mdogo wa marehemu, alimfuata hadi kwenye mkeka akachuchumaa.

"Shemeji, nakuomba kwa mara ya mwisho. Baba na mwanawe unawatenganisha na kiwanja kizima, kama watu waliogombea mpaka wa shamba?"

"Hawakugombea kitu. Mmoja alimwita mwenzake, mwenzake hakwenda."

"Ni miaka minne sasa."

"Hata ingekuwa arobaini."

Kisa hicho kata nzima ya Ibadakuli ilikijua. Maganga, mtoto wao wa pekee, alianza kwa kubeba abiria kwa baiskeli mjini Shinyanga. Akashinda mbio za vijijini, akashinda za Kahama, mpaka timu ya waendesha baiskeli wa kulipwa ikamchukua. Mbio zake kubwa za kwanza zilikuwa ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, nchini Rwanda. Zilikuwa za siku nane, na siku ya tano ilikuwa ya milima. Kabla ya kuondoka aliomba jambo moja tu: baba aje asimame barabarani siku ile ya milima. Sostenes, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mabango na kuta za maduka, alijibu kwamba ana ukuta wa kumalizia Geita, hataweza. Siku hiyo ya tano Maganga alianguka kwenye mteremko, akarudi nyumbani ndani ya sanduku.

Tangu hapo Paskalina alimpikia mumewe, alimfulia, aliitikia salamu yake. Lakini walipokosana, hata kwa chumvi kuzidi kwenye mboga, alimwambia neno lile lile: "Ulichagua ukuta." Sostenes hakuwahi kujibu. Juzi kiharusi kilimkuta akiwa juu ya ngazi, akafia hospitali ya Kolandoto bila kusema lolote. Na Paskalina aliapa mbele ya ukoo kwamba aliyeshindwa kwenda kumwona mtoto akiwa hai hatalala naye akiwa maiti.

Saa tano hivi pikapu iliingia uani. Alishuka Nikhil, mwenye duka la rangi ambako Sostenes alinunua makopo yake kwa miaka ishirini, na mkewe Bhavna aliyejitanda kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Mama Maganga. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Nikhil alibaki amesimama, anachezea funguo za gari. "Mama, fundi alikuwa na mzigo stoo kwangu. Aliniambia, siku nikiondoka, mpelekee mama mwenyewe, asipewe mtu mwingine. Nimeona niulete kabla hatujamzika."

Mzigo wenyewe ulikuwa vipande tisa vya hadibodi, kila kimoja upana wa mlango wa kabati, vimefungwa kwa magunia. Vijana walivishusha wakaviegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Kila kipande kilikuwa na namba ya kilomita kwenye kona, kwa mwandiko wa mabango ambao kila mtu aliujua, kwa hiyo haikuwa kazi kuvipanga. Magunia yalipoondolewa, watu wakaguna.

Ilikuwa baiskeli. Ilikuwa siku ya tano.

Zipora alifika wa kwanza. Huyu alikuwa binti wa shangazi yake Sostenes, mtani wake, na tangu asubuhi alikuwa akifanya kazi yake ya utani: alikwisha kujilaza kwenye kitanda cha marehemu akidai chai, na kofia ya marehemu alikuwa ameivaa kinyumenyume.

"Hee! Kumbe alikuwa anajua kuchora watu!" alisema. "Mlango wa mgahawa wangu wa mama ntilie alinichorea samaki akafanana na kandambili!"

Watu wakacheka. Hata Paskalina alijikuta akinyanyuka.

Picha ya kwanza iliandikwa kilomita sifuri. Mvua, miavuli, vijana wa kila taifa wamejikunyata juu ya baiskeli, na katikati yao Maganga, namba sabini na nne, meno yote nje. Paskalina aliikumbuka sura ile. Siku hiyo alikuwa dukani kwa Bhavna, wamekaa mbele ya televisheni, na Maganga alipotokea hivyo hivyo Bhavna alipiga makofi hadi bangili zikalia.

Kilomita ishirini na mbili: migomba, barabara imejikunja kama mkanda, kundi zima limebanana, kama linatazamwa kutoka angani. Kilomita arobaini na saba: daraja na mto mwekundu. Hizo nazo alizijua. Televisheni ilizionyesha hivyo hivyo, kutoka juu, kwa mbali.

"Alizitoa kwenye video," Paskalina alimwambia Herman. "Alikaa stoo kwa Mhindi akatazama video."

Kilomita sitini na tatu mlima ulianza. Mashamba ya chai pande zote mbili, na Maganga amerudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anajaza chupa za maji ndani ya jezi, kifuani na mgongoni, awapelekee wenzake waliotangulia.

"Jamani, amekwenda kote huko kuwa mchota maji!" Zipora alisema. "Tumbo hilo! Mimba ya mapacha!"

"Ndiyo kazi waliyompa," alisema kijana mmoja mwendesha baiskeli. "Unawabebea wakubwa. Ila tazama inayofuata."

Iliyofuata ilikuwa kilomita themanini na nne. Wakubwa wamechoka, mbeba maji ameachiwa aende. Watatu wako mbele, na wa nne ni Maganga, peke yake, ameinuka juu ya pedali, ukungu unamlamba magoti. Vijana wakapiga miluzi. Mmoja akasema, "Kamata hao!" kama vile mbio zinaendelea. Paskalina naye, Mungu amsamehe, alihisi moyo unamwenda mbio, kama siku ile dukani alipomshika Bhavna mkono bila kujua.

Baada ya hapo, siku ile, televisheni haikuonyesha kitu. Ukungu ulikata picha. Kioo kilikuwa kijivu kwa dakika nyingi, mtangazaji akajazia maneno, kisha sauti yake ikabadilika.

Lakini hapa ukutani zilibaki picha nne.

Zote nne ziliandikwa kilomita tisini na moja.

Paskalina alisogea. Katika ya kwanza barabara ilikuwa tupu. Kulikuwa na kibao cha kilele cha mlima, watu wamejifunika nailoni, mwanamke mmoja amebeba mtoto na mwavuli wa bluu uliovunjika njiti. Haikuwa tena picha ya kutoka angani. Ilitazama kutoka kimo cha mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara.

Katika ya pili Maganga alikuwa ametokeza kwenye ukungu, karibu kabisa, hadi matone kwenye nyusi zake yalihesabika. Alikuwa amemwona mtu, anacheka. Hakuwa anacheka kama anavyocheka mtu mbele ya kamera. Hiki kilikuwa kicheko cha nyumbani, mdomo umekwenda upande.



Katika ya tatu, kutoka pembeni, mkono ulikuwa umenyooshwa. Ulishika dumu la njano lililokatwa nusu, na maji yalikuwa hewani, yametanda kama kitambaa, yanamwendea Maganga usoni. Kucha ya dole gumba la mkono ule ilikuwa nyeusi na imepasuka katikati.

Kucha hiyo Paskalina ndiye aliyeiosha jana yake kwa maji ya uvuguvugu, Kolandoto, kabla hawajamvisha.

"Gashi! Kumbe!" Zipora alisema kwa Kisukuma, polepole, halafu akaivua ile kofia kichwani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa habari ya dumu. Huku mbio haziwi mbio bila maji. Jua linawaka, barabara ni tambarare na vumbi, na kila kijiji wanachopita waendeshaji, watu hutoka na mabeseni na madumu yaliyokatwa kuwamwagia. Usipommwagia wako utaonekana humpendi. Tangu Maganga akiwa na miaka kumi na sita, baba yake alisimama na dumu la njano kwenye kila mbio, na Maganga akishamwagiwa alipiga kelele, akaongeza mwendo.

Ila hiyo ni Shinyanga. Kule ilikuwa baridi, mvua, kileleni kabisa, na hatua chache mbele barabara inaanza kushuka.

Picha ya nne ilimwonyesha kwa mgongo. Namba sabini na nne, imelowa. Mkono wa kulia umeachia usukani, anajifuta macho. Mbele yake kona. Baada ya hapo hapakuwa na picha nyingine.

 Herman alimwekea kiti, hakukaa.

"Nikhil," alisema. "Wewe ulijua?"

Nikhil alikuwa amepauka. "Nilijua alikwenda, mama. Alipanda lori pale Nyasubi, Kahama, mpaka Rusumo. Koti nilimpa mimi. Alisema usiambiwe, anataka arudi na kijana, wakushtue mlangoni. Aliporudi peke yake akaniambia, mimi nilikuwa Geita, sawa? Nikamwambia sawa, fundi. Nilidhani ni uchungu tu." Aliitazama picha ya tatu, akageuza uso. "Hii ya maji sikuijua. Alizichora akiwa amefunga mlango wa stoo."

"Miaka minne namwambia alichagua ukuta."

"Nilimwambia, fundi, mwambie mkeo ukweli. Akasema, acha aamini hivyo. Hilo analiweza."

 Paskalina akawaza yale maneno, jinsi alivyomrushia mezani, kitandani, mbele ya wageni, na jinsi Sostenes alivyokuwa akiinamisha kichwa kana kwamba anapokea. Alidhani anajiona ana hatia ya kutokwenda. Kumbe mtu yule alikuwa akijificha ndani ya tusi la mkewe, kama mtu anayejificha mvua chini ya paa linalovuja, kwa sababu nje kulikuwa kubaya zaidi.

Halafu hasira ikampanda, mpya, nyingine kabisa. Maji! Kwenye baridi ile! Mtu mzima hana macho? Papo hapo akakumbuka karatasi ya waandaaji, ambayo Sostenes mwenyewe ndiye aliyemsomea: tairi la mbele lilikutwa limepasuka. Tairi. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akatoka nje. Hakuiamini. Au aliiamini mchana, usiku hakuiamini. Nani angejua? Mkono ulikuwa umeachia usukani, na tairi lilikuwa limepasuka. Aliyeona yupo kwenye jeneza, na aliyeanguka yupo kaburini.

Mchimbaji mmoja alikuja akijipangusa udongo. "Mama, tumefika kiunoni. Tunaendelea?"

Watu wote walimtazama Paskalina. Yeye aliitazama kwa mara nyingine ile picha ya pili, mtoto wake anayecheka kwa sababu amemwona baba yake. Alimwita, na baba alikwenda.

"Fukieni," alisema.

"Mama?"

"Fukieni hilo. Njooni huku."

Alitembea mwenyewe hadi kwenye kaburi la Maganga, wachimbaji nyuma yake na majembe, Herman nyuma yao. Alilipita hatua moja, akasita, akapiga ya pili. Akachora mstari ardhini kwa kisigino.

"Hapa."

"Shemeji," Herman alisema, "ina maana umemsamehe?"

"Sijui. Usiniulize leo."

Mchimbaji alipima kwa macho. "Mama, mbona mbali hivyo? Mtu na mwanawe huwa tunawalaza karibu, shubiri mbili tatu tu. Hapa katikati unaacha nafasi ya kaburi zima."

"Iacheni hiyo. Ni ya kwangu. Siwezi kuwaacha wenyewe wawili na jambo kama hili."

 Kisha Zipora alikuja, macho mekundu, ameikumbatia kofia ya marehemu kifuani. Alimtazama Paskalina kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wifi," alisema, "basi waongeze kidogo. Kwa makalio hayo hapo hutoshi."

Paskalina alimtazama.  Akainua mguu, akaufuta mstari, akapiga nusu hatua zaidi, akachora mwingine.

Jembe la kwanza likashuka.