Gachanja na Watu wa Kuja

Mume wangu Gachanja alikuwa na wimbo mmoja tu hapa mtaani Landless, Thika: ati yeye ni Mkikuyu safi, hajachanganywa na chochote. Majirani wetu Waislamu aliwaita "watu wa kuja". Ndiyo maana alikataa kabisa Maggie wetu aolewe na Mahir, fundi wa redio. Mtoto alilia wiki mbili, hata chai hakunywa. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza si kazi ninayoiweza.

Mwaka huo wa tisini na saba akaja Nakhumicha, msichana wa chuo kikuu, akichunguza mama zetu wa kale walitoka wapi. Alikuwa anakupangusa shavu kwa ndani na kijiti cha pamba, basi. Gachanja alisukuma foleni akawa wa kwanza. Tena akadai majibu yake yasomwe mbele ya watu, Thika yote ijue.

Majibu yalikuja baada ya miezi saba. Tukajaa ukumbini, Gachanja ndani ya koti la harusi yetu, halifungiki. Nakhumicha akaeleza polepole kwamba kitu anachokifuata hupitia kwa mama peke yake, baba hapeani. Kisha akasoma: ukoo wa mama wa Gachanja unaelekea Ukambani, na hapa ukumbini anafanana kabisa na mtu mmoja, Mwanarusi, mamake Mahir.

Mwanarusi akasimama. Alisema nyanya wa mamake, mzaa mama, alikuwa Mkamba, aliondoka na msafara wa wafanyabiashara Waislamu wakati wa njaa kubwa. Dadake huyo nyanya alikimbilia Ukikuyu kutafuta chakula, akaolewa huko. Haki nilitaka kucheka. Cucu wa Gachanja, nyanya yake mzaa mama, aliimba Kikamba akisaga mahindi hadi akafa, na huyu mtu miaka yote akituambia ni Kikuyu cha zamani.

Lakini Gachanja hashindwi haraka.

"Basi Maggie na Mahir ni ndugu," akasema. "Ndugu hawaoani."

"Mzee, hiyo yako inaishia kwako," Nakhumicha akamjibu. "Maggie amebeba ya mama yake."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilitengeneza kitambaa changu cha kichwa taratibu kabisa.

Ikabidi akubali, wageni wakaitwa. Siku ya posa walifika kwetu na mbuzi wawili. Mahir hakuwa na mjomba, na posa bila mjomba ni aibu. Mwanarusi akamwambia mume wangu, "Kaka, uko upande wetu." Gachanja alisimama katikati ya sebule yake na kikombe mkononi, akaangalia viti vya huku, akaangalia vya kule. Mwishowe akaenda kuketi na wageni.

Upande wetu alibaki kaka yangu Njau. Akauliza kama desturi, "Wageni, mmekuja kutafuta nini?"

Mjomba ndiye hujibu. Maggie alikuwa mlangoni, ameshika sinia kwa mikono miwili.

"Tumekuja kuomba msichana," Gachanja akasema, sauti ndogo.

Nilimuonea huruma, kidogo tu.

"Tutafikiria," nikamwambia. "Watu wa kuja, kaeni kwanza mnywe chai."