Chungu cha Mwalimu Bertilla

Mwalimu Bertilla alifaulu ufinyanzi chuoni. Taabu ni kwamba mtihani wenyewe ulikuwa wa kuandika. Alipoletwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Mwimbi, akina mama wafinyanzi walimkaribisha kwenye udongo wao. Akafinyanga kitu ambacho Mama Silvana, mkubwa wao, alikizunguka mara mbili akitafuta mdomo.

"Mwalimu, hiki kimesimama au kimelala?"

"Kinapumzika, mama."

Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Siku ya nne aliwaeleza, kainamisha uso. Mama yake alifariki Kipili, yeye akiwa chuoni. Barua ilimfikia mazishi yameshapita. Hakulia. Alirudi kwenye mtihani akaumaliza, tena kwa mwandiko mzuri! Sasa alitaka pombe ya kumaliza msiba ikae katika chungu alichofinyanga mwenyewe, iwe njia yake ya kumwomba mama radhi.

Vyungu vya kikundi huchomwa pamoja, rundo moja. Chenye hewa ndani ya udongo hupasuka na kuvunja vya jirani. Bertilla alilijua hilo vizuri, lilikuwa swali la tatu. Kwa hiyo siku ya kuchoma alikificha chake nyuma ya ghala. Kristiana, fundi kuliko wote, akakitoa, akakiweka katikati ya vyake.

"Dada, kitakuvunjia!"

"Nitafinyanga vingine. Mikono si ninayo?"

Kikapasuka kweli, kikaondoka na viwili vya Kristiana. Bertilla akaanza kuomba radhi: kwa vyungu, kwa kuni, kwa nyasi za kuchomea. Nyasi zilipokwisha hakupata kingine cha kuombea radhi, akasema "Mama," akalia, kilio cha makamasi, kisicho na dalili yoyote ya elimu. Hakuna aliyemnyamazisha. Mama Silvana alimshika mabega tu.

"Alikuwaje, mama yako?" akauliza Kristiana baadaye.

"Mfupi. Mnene. Akicheka anatikisika mwili mzima."

"Kumbe kile chungu kilikuwa yeye!"

Bertilla akacheka huku pua ikimchuruzika. Mama Silvana akamwekea bonge jipya mbele yake.

"Kabla ya pombe ya msiba, wiki mbili bado zipo. Kanda mpaka hewa ikimbie."

Akakanda, machozi yakidondoka.

"Lia tu, mwalimu," akasema Kristiana, "ila geukia kule. Udongo utakuwa uji."

Bertilla akageuka kidogo, akaendelea kukanda.