Mkate wa Beseni Jekundu

Siku daktari alipotusomea majibu ya vipimo, mke wangu alikuwa amekosa vitu hivi: damu ya kutosha, nguvu za kupanda ngazi nne za mlango wetu bila kushika ukuta, nyama ya mashavuni, hamu ya kuwasema majirani, na sketi hata moja ya kukaa kiunoni bila pini. Kitu ambacho hakukikosa ni mkate. Mimi ni mwokaji, na tanuri letu liko upande wa pili wa ukuta wa jikoni.

"Kinachomdhuru ni mkate," daktari akasema.

Nilidhani ananitania. Alikuwa binti mpole mwenye miwani, akatuchorea utumbo kwenye karatasi. Ndani ya ngano, alieleza, na ndani ya shayiri pia, mna kitu kiitwacho gluteni. Watu wengi hakiwadhuru. Lakini mwenye ugonjwa wa siliaki, mwili wake hukiona kama adui, na katika kupigana nacho huuumiza utumbo wake wenyewe, hata chakula kikapita bila kumfaa mtu. Hakuna kidonge. Tiba ni kuacha, maisha yote, hata chembe.

"Hata chembe?" nikauliza.

"Hata ile inayobaki kwenye kisu kilichokata mkate wa mwingine, baba."

Gluteni nilikuwa naifahamu kwa mikono kabla sijaijua kwa jina. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa unyumbuke bila kukatika, ukashika hewa, ukaumuka. Miaka arobaini na mmoja nimeishi kwa kazi yake.

Tulipofika nyumbani mke wangu alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "ulikuwa unaniua."

"Mama watoto, usiseme hivyo."

"Nasema. Tena ulikuwa unaniua moto moto, asubuhi na mapema, na siagi juu." Akacheka mpaka akashika meza.

Mimi sikucheka. Kila asubuhi tangu tuoane, mkate wa kwanza kutoka tanurini ulikuwa wake. Mtu mwingine humpa mkewe maneno matamu. Mimi si hodari wa maneno matamu.

Habari zikamfikia mdogo wa mke wangu, muuguzi mstaafu ambaye ukoo mzima humwita Sindano. Alikuja siku ya pili, akakagua jikoni kwa kupitisha kidole juu ya kabati, kisha akaninyooshea kile kidole cheupe.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Vumbi."

"Vumbi la ngano! Dada yangu anaishi ndani ya gunia. Namchukua. Kwangu hakuna unga, hakuna tanuri, kuna chumba chenye dirisha."

"Umchukue umpeleke wapi? Ana mume."

"Mume ndiye mwenye gunia!"

Mke wangu akatunyamazisha sote wawili, mimi na Sindano, kwa kugonga kikombe kwa kijiko. Akatoa hukumu yake. Atakaa mwezi mmoja. Kama nyumba hii inaweza kumlisha bila kumwumiza, atabaki. Kama haiwezi, atahamia kwa mdogo wake, nami nitakuwa mgeni wa Jumapili.

"Na asilishwe wali mkavu tu kama mgonjwa wa wodini," Sindano akaongeza. "Mtu lazima afurahie chakula chake."

Hapo alisema kweli, ingawa sikumpa raha ya kukubali.

Nilimwachia mwanangu kazi yote ya ngano. Mlango kati ya duka na nyumba tuliufunga, tukaziba nyufa kwa vitambaa. Nikaosha makabati. Nikanunua daftari, kwa kuwa shule ya jioni niliyosoma ukubwani ilinifundisha kwamba jambo usiloliandika utalikosea mara mbili. Nikanunua unga wa mchele, wa mtama na wa muhogo.

Mkate wa kwanza wa mchele ulitoka kwenye tanuri dogo la jikoni ukiwa bapa na mweupe. Mke wangu aliugonga kwa ukucha.

"Mzee, hili ni tofali. Tukipata manane zaidi tunajenga choo."

Wa pili ulimomonyoka. Aliula kwa kijiko, akausifu kama mtu anayesifu mtoto wa jirani aliyeimba vibaya. Wa tatu ulipanda vizuri, ukaanguka mbele ya macho yetu tulipofungua mlango wa tanuri. Wa nne sitausimulia.

Shida ilikuwa ile ile: hakuna kitu cha kushika. Niliwaza siku mbili. Kisha nikamkumbuka mama yangu akipika uji, jinsi unavyoganda na kuvutika kwenye mwiko. Nikachukua sehemu ya unga wa mchele, nikaupika uwe uji mzito, nikauacha upoe, nikauchanganya na unga uliobaki, mayai mawili, hamira na mafuta kidogo. Ulishika. Haukunyumbuka kama ngano, lakini ulishika. Ukaumuka, ukaiva, ukapata ganda la rangi ya asali.

Mke wangu alikula kipande kimoja. Akala cha pili. Cha tatu alikipaka siagi, akafumba macho.

"Huu sasa," akasema, "una adabu."

Nilitoka nje nikasimama uani, kwa sababu mwanamume wa umri wangu hapendi kuonekana anafuta macho kwa aproni.

Siku ya tatu ya mkate ule, tumbo likamshika. Akalala mchana kutwa amejikunja. Jioni aliamka, rangi imemtoka, akashusha begi juu ya kabati.

"Nilitaka ifaulu," akasema. "Wewe unajua nilitaka."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi nakwenda kwa Sindano, Mzee. Nimechoka kuumwa."

Asubuhi yake nilikwenda kwa msagaji mchele aliyeniuzia unga. Niliona wazi kwamba kosa ni lake; bila shaka alisaga ngano kwenye mashine ile ile. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja wake, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia zamani kwa wanafunzi wa kazi.

Msagaji alizima mashine, akajipangusa nyusi.

"Baba, mashine hii haijawahi kuonja ngano. Ingia uangalie." Akanifungulia kila kifuniko, nikatazama, sikuona kosa. "Sasa na mimi nikuulize. Wewe unakandia wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mwokaji?"

"Nakuuliza kwa sababu wewe ni mwokaji."

Niliondoka bila kuaga, na njia nzima nilikuwa nikitunga majibu makali. Nilipofika jikoni bado ninayo mawili mazuri. Nikashusha Mtumbwi ukutani nianze kazi.

Mtumbwi ni beseni refu la mbao la kukandia unga, lililochongwa kwa gogo moja, na tuliliita hivyo kwa umbo lake. Niliachiwa na mwokaji aliyenifundisha kazi, naye aliachiwa na wake. Aliponikabidhi alinipa sharti moja: lisiguswe na maji kamwe. Likwanguliwe tu kwa kisu butu. Mbao ikilowa hupasuka, na ule ukoko uliobaki ndani hubeba hamira ya jana kwenda kwenye unga wa leo. Mwanangu dukani anakandia kwa mashine. Mtumbwi niliuhamishia nyumbani siku ileile nilipoanza mikate ya mchele, kwa heshima. Nilitaka mkate wa mke wangu uzaliwe mahali pazuri kuliko pote.

Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua kama kawaida. Magamba meupe yakaanguka mezani. Nikaendelea kukwangua. Kisha mkono ukasimama wenyewe.

Nilikuwa nimeosha makabati, nimeziba nyufa za mlango, nimemtukana msagaji mbele ya watu. Na huku mkate wa mchele nikiukandia juu ya ngano ya vizazi vitatu.

Nilikaa chini. Nikiri kwamba wazo la kwanza lililonijia ni kunyamaza, nitupe yale magamba, nianze upya, na lawama ibaki kwa msagaji. Lakini mke wangu alikuwa chumbani anakunja nguo. Nikaingia na kisu mkononi, nikamweleza yote.

Akaweka chini kanga aliyokuwa anaikunja.

"Ulimwambia nini msagaji?"

"Maneno mengi."

"Mbele ya watu?"

"Wapatao sita."

Akakaa kitandani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Kumbe kicheko. "Sita! Mume wangu, yaani ulifunga mlango wa mbele, ukafungua wa nyuma, ukasimama katikati ukimwita mwenzio mwizi!"

Niliupeleka Mtumbwi dukani, nikamkabidhi mwanangu. Haukuwa wa kuoshwa. Ile ngano imo hata ndani ya nyufa za mbao. Kisha nikapita sokoni nikanunua beseni la plastiki, jekundu, lile la kufulia. Nikapita pia kwa msagaji, nikamwomba radhi, tena nilisubiri wateja wafike watano, sita. Alinipa mkono, akanipimia unga wa mchele na kuniuliza habari za mgonjwa.

Mwokaji mwenye miaka arobaini na mmoja kazini amepiga magoti jikoni kwake, anakanda ndani ya beseni la kufulia. Mwanangu alichungulia dirishani, akaondoka haraka akiwa amejiziba mdomo. Mkate ulitoka sawa na ule wa uji, na ganda lake la asali.

Jumamosi ikafika. Mke wangu alikula, akaliangalia begi, akasema tungoje Jumatatu tuone tumbo litasemaje. Jumatatu halikusema kitu. Jumatano pia. Wiki ya tatu nilimkuta juu ya kiti anasafisha taa. Pini ya sketi ilikuwa imekwisha kusogezwa mara mbili. Tukajaribu maandazi ya muhogo, yakakubali. Keki ya mtama iligoma, kisha nayo ikalainika.

Mwezi ulipotimia nilimwuliza, kama vile nauliza hali ya hewa, ameamua nini.

"Niletee karatasi."

"Si umpigie simu tu?"

"Sindano hukatiza watu. Barua hawezi kuikatiza."

Aliandika mezani, nami nikasoma begani kwake. Alimwambia mdogo wake kwamba chumba chenye dirisha akipangishe, yeye hahami. Kwamba shemeji yake sasa anaoga kabla ya kuingia jikoni, jambo ambalo lingepaswa kuanza zamani. Kwamba aje kula Jumapili, aje na njaa, na biskuti zake aziache kwake.

"Hiyo ya kuoga uifute," nikasema.

"Sifuti."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akatoa ulimi ailambe. Nikaidaka.

"Subiri! Gundi hii imetengenezwa kwa kitu gani?"

Hakuna aliyejua. Akalowesha kidole kwenye glasi ya maji, akakipitisha ukingoni taratibu, akaibonyeza bahasha kwa ngumi. Nilivaa koti langu la kutokea, nikashuka ngazi nne, nikaenda nayo mpaka posta, nikaitumbukiza.