Chekeche Kichwani

"Ububu haufundishwi, mulamu," Aicha alisema huku akichekecha unga wa muhogo. "Si Kifaransa huo."

"Unafundishwa." Latifa, wifi yake, alikuwa amekwisha kufunga begi la Baraka, mtoto wa pili wa Aicha, kwenye pikipiki kwa mpira. "Mutoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu analelewa na Feza. Mwaka jana alikuwa anaita mama, anaomba mayi ya kunywa. Sasa iko anatikisa vidole kama dada yake, kinywa kimya. Kwetu Kabambare watoto wako tisa mu lupango, ndani ya ua moja. Ataiga wazima."

Mume wa Aicha alikuwa machimboni Lusangi, na alituma neno moja tu: dada yake aamue kama mtoto aende. Motari, dereva wa pikipiki aliyemleta Latifa, alikaa kivulini akijifanya hasikii.

Feza, mwenye miaka saba, alizungusha kifuniko cha sufuria penye ukuta. Hajatamka neno tangu azaliwe. Kunawa mikono alijua, kwa kuwa mama yake alimshika viganja na kuvitia majini kabla ya kila chakula, miezi minane, mpaka vikaenda vyenyewe. Watoto wa watu huona mara moja wakajua. Feza hakuchukua kitu kwa macho.

"Ulisomea ualimu, Mama Feza, na nyumba yako imekushinda," Latifa alisema. "Baki na mmoja, utupe sisi mmoja."

Aicha aliacha kuchekecha. Naye alikuwa akiomba kimoyomoyo iwe kweli kwamba Baraka anaiga, maana mtoto anayeiga anaona watu. Njia ya kujua alikuwa nayo tangu kiangazi. Hakuthubutu kuijaribu.

Sasa alichuchumaa mbele ya mwanawe, akavaa chekeche kichwani kama kofia, unga ukamwagikia puani, akatoa ulimi. Motari alicheka. Latifa naye alicheka bila kutaka: "Yee, mwalimu amepata wazimu." Emmanuella, mtoto wa jirani ambaye hajatimiza hata miaka miwili, alikuja mbio, akanyang'anya chekeche, akajitia kichwani na kutoa ulimi.

Aicha alimpokonya, akampa Baraka.

Baraka hakumtazama mtu. Alisogeza jicho kwenye wavu, akaugeuzia jua, akaukwaruza kwa ukucha, akitikisa vidole. Aicha alilivaa tena, akampa. Mara ya tatu, Latifa hakuwa akicheka.

"Umeona," Aicha alisema kwa sauti kavu. "Hakumwiga Feza. Haigi mtu. Ukimweka kati ya watoto tisa, atakuwa peke yake kati ya tisa. Kwako nani atamshika mikono miezi minane kwa jambo moja?"

Latifa alitazama begi, akamtazama mtoto. "Basi wako wawili," alisema polepole.

"Wako wawili."

Aicha aliinuka, akafungua mpira, akashusha begi na kulitupa ndani ya mlango. "Nendeni kabla mvua haijaharibu njia ya Wamaza."

Hakungoja waondoke. Alimimina maji kwenye beseni, akamvuta Baraka, akamkalisha mapajani. Mtoto alipiga yowe na kujinyonga kama samaki. Aicha alikamata viganja vyote viwili, akavitia majini. Vilichomoka. Akavirudisha.