Chumba cha Chini

Mama alikufa tena kabla chai haijachemka. Akanirudishia simu na kupangusa vidole kwenye leso.

"Hii kitu yako haipendi watu," akasema.

Ulikuwa mchezo wa kusoma, wa picha na maneno, niliouunda nikiwa nimejifungia katika chumba changu cha zamani hapa Matiliku. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na begi moja, nikamwambia Mama kazi imeisha, naye hakuuliza zaidi. Mchezo wenyewe ni wa watu wanaoishi chini ya ardhi baada ya jua kuharibika, kila mmoja katika chumba chake, na sheria ni moja: usimjibu mtu. Jirani anabisha ukutani, anaomba maji. Chini ya picha kuna vitufe viwili, Jibu na Nyamaza. Ukijibu, wakubwa wa huko chini wanakukatia hewa. Nilijivunia sana ukali huo. Nilitaka kuupeleka kwenye shindano, nikahitaji mtu wa kuujaribu, na nyumbani tulikuwa wawili tu na mbuzi.

Shida ni kwamba Mama akisikia hodi, hata akiwa bafuni na sabuni usoni, huitika "karibu" kabla hajajua ni nani. Basi akawa anabonyeza Jibu, anakufa, anaanza upya, anabonyeza Jibu.

"Mama, nyamaza ndio uende mbele."

"Na huyu wa ukutani?"

"Huyo ni picha tu."

"Picha inaomba maji?"

Nikachoka. Nikachukua simu nimwonyeshe. Nilinyamaza chumba baada ya chumba mpaka mwisho, ambako msichana anayeongozwa na mchezaji anabaki salama, peke yake, na kando yake kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Kikapu hicho sikukieleza popote, na mchezaji hawezi kukifunua.

Mama aliitazama picha ile. Chai ikafurika, ikazima moto, wala hakuinuka.

"Alikuwa msichana ama kijana?" akauliza.

Nilijua haulizi habari za mchezo. Blauzi zangu zenye madoa ya maziwa alizifua yeye tangu nirudi, akazianika, akaninyamazia.

"Msichana," nikasema, na hapo nikalia kwa sauti, kilio ambacho Nairobi kilikataa kutoka. Nikamweleza yote: alivyozaliwa kabla ya wakati, alivyokufa kabla ya siku ya kupewa jina, na baba yake alivyofungasha virago tulipotoka tu makaburini. Nikamwambia kinachoniuma zaidi ni kwamba nikimkumbuka sina cha kumwita.

Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa mume. Bibi wa upande wa mke husubiri wa pili, na hilo halina mjadala. Mama alilijua vizuri kuliko mimi. Mimi kifungua mimba wake alinipa jina la Nthenya, mama mkwe wake ambaye hawakupatana hata siku moja, na amelitamka kila asubuhi ya maisha yangu.

Akachutama, akapuliza makaa mpaka yakashika, akabandika maji mengine.

"Aitwe kama mimi, Syokau," akasema. "Na watu wa baba yake wakiuliza, waambie nimemchukua."