Vidonge vya Kunenepa

...maana kidonge kikiyeyuka ni sawa na kukimeza, kaa hapo chini ya ulimi, kaa, na shangazi Ashatu bado amenishikia kikombe cha maziwa, meza mwanangu, harusi Ijumaa, Farhan anaoa mke, haoi ufagio, na Bi Sihaba, somo yangu, anayenifunda na kunisinga mgongo kwa liwa, anadakia, ufagio wapi tena, tazama mashavu haya, atadhani kaongezewa mke wa pili bure, wanacheka, nami nacheka kinywa nimekifumba, uchungu unanienea kooni... tangu nianze vidonge hivi vya kunenepa mguu umenyamaza, nikashukuru, nikaacha kiti, nikasali nimesimama, nikajua mfupa umeunga... asubuhi daktari alipopiga simu nikamwambia kwa furaha, siumwi kabisa, akauliza, unameza nini, Mize, nikamtajia, na sauti iliyorudi haikuwa ile ya upole, ile ya wodini baada ya pikipiki kunivunja muundi pale Kerege, aliponiambia chuma nilichokuwekea kimepakwa utando, utando unawaongoza askari wa mwili wako, unawaambia huyu si adui, msimpige, jengeni, na mfupa utakishika... vidonge hivyo vinawalaza askari, alisema, vinawalaza wote, vinazima na maumivu, hata vijidudu vikiingia huna wa kukuamsha, njoo leo, uje navyo... na shangazi, mwari hatoki ndani, watu watasemaje, kwani anaolewa daktari, subiri Jumamosi... Jumamosi, na utando unaita, unaita, hakuna anayeitika, chuma kimekaa peke yake gizani, au hakiko peke yake, kuna kinachokula polepole humo na hakuna wa kupiga kelele... Bi Sihaba ameshuka mguuni, liwa ya baridi, anapita juu ya kovu, mkono unasimama, mbona hapa pana moto, anasema kwa sauti ndogo, joto la mwari hilo, anasema shangazi, we singa tu, na kikombe kimesogea mpaka midomoni mwangu, na mimi niliyekuwa nikiyaogopa macho ya barazani, kuonekana na liwa usoni mchana kweupe kabla ya siku yangu, naikanyaga sakafu, kwa nguvu, kwa nguvu zote, naubembeleza mguu uniume, uniume kidogo tu, hauumi, hausemi, basi nitakitema, nitatoka hivi hivi nilivyo, liwa na yote, waseme, waache waseme, niwe na mguu wa kusimamia nikiwasikiliza... na shangazi ananitazama koo, fungua kinywa, anasema, nione.